Gari Lililotetemeka Njia ya Moyale

Tangu nirudi kutoka Moyale sijapita mlangoni kwa mtu hapa Umoja bila kusimamishwa. "Mama Shiro, ni kweli gari lilitaka kuwaua?" "Ni kweli ulimbeba Mama Yusuf akiwa amelala kama maiti?" Kila nikianza kusimulia nakatizwa kabla sijafika Sagana, na anayeondoka na nusu ya habari anaijaza mwenyewe kwa anavyopenda. Basi naiandika yote niitume kwenye grupu la chama, kila mmoja asome kwa wakati wake. Mambo ya matayarisho nayaruka, isipokuwa ya gari. Hayo yanachosha hata kuyakumbuka.

Wengi wenu mnamjua Mama Yusuf. Kwa asiyemjua, ni mwenye duka la vitambaa kule Eastleigh ninakonunua vya kushonea mapazia tangu nianze kazi hii. Alizaliwa hapa Nairobi, lakini ukoo wake ni wa Waborana, na ndugu zake wengine walibaki upande wa Ethiopia. Mwaka huu aliteleza kwenye ngazi, akavunjika nyonga, akapasuliwa. Alikuwa ameanza kutembea kwa magongo wakati dada yake alipompigia simu.

Dada huyo anaitwa Asha. Bibi yao alimchukua akiwa msichana mdogo akamlee ng'ambo ya mpaka, na tangu hapo hawakuonana tena. Safari ziliahirishwa, barabara zilifungwa, watoto walizaliwa, wazazi walikufa. Walibaki kusikilizana kwenye simu. Sasa Asha alikuwa anahamia mbali, ng'ambo ya bahari, kwa mwanawe aliyetulia huko. Kabla ya kupanda ndege Addis Ababa angekuja Moyale, pale mpakani, kwa siku chache. "Kama unaweza, njoo," alimwambia.

Daktari alisema anaweza kusafiri, ila asikae wima muda mrefu. Mabasi yakawa nje. Kukodisha gari zima hadi Moyale kukawa nje pia, maana matibabu yalikuwa yamemkausha. Nikajikuta nasema, "Nitakupeleka mimi." Nilipofika nyumbani Baba Shiro aliniuliza swali moja tu: "Na lile gari linalotetemeka?"

Kariobangi, kabla ya kuondoka

Gari langu ni steshen wagon kuukuu ninayobebea mapazia na vyuma vyake. Mjini huwezi kujua kama lina shida, maana kwenye foleni ya Jogoo Road hakuna mtu anayekimbia. Lakini kila nilipoingia bypass nikapita kilomita themanini kwa saa, usukani ulianza kutetemeka mikononi mwangu kama cherehani iliyolazimishwa kupitisha turubai. Nikipunguza, linatulia. Nikiongeza, linaanza.

Mekanika wa kwanza niliyemwendea aliniambia nibadilishe shoki zote, maunti za injini na mpira wa hapa na wa pale, na bado alikuwa hajafungua hata boneti. Sikuwa na uwezo wa kununua vitu kwa kubahatisha. Nikaenda Kariobangi kwa Oti, ambaye amelitengeneza gari hili tangu siku nilipolipata.

"Niaje, mathe," alinisalimia. "Usinunue kitu. Kwanza tujue ni nini inatetemeka."

Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani, tulitoka naye Outering Road. Alikaa kando yangu akiniuliza kama daktari. Inatetemeka wapi, kwa usukani ama kwa kiti? Kwa usukani. Ukikanyaga breki inazidi? Haizidi. Basi si diski za breki. Sasa toa gia, acha gari liteleze lenyewe. Nikatoa. Mtetemo ukabaki vile vile. "Basi si injini," akasema. "Injini imepumzika na bado gari inacheza. Ni magurudumu, na kwa sababu inakuja kwa usukani, ni ya mbele."

Aliyapeleka magurudumu ya mbele kwenye mashine ya balansi. Moja lilikuwa limepoteza kile kipande kidogo cha risasi kinachogongwa kwenye rimu ili gurudumu lizunguke bila kulemea upande. Wakaweka kingine. Tuliporudi barabarani usukani ulikuwa umetulia kabisa. Ya nyuma Oti aliyatazama kwa macho, akayapiga teke, akasema yako sawa. Mimi nilirudi nyumbani naimba.

Eastleigh hadi Sagana

Tulikusudia kuondoka Jumatano alfajiri. Tuliondoka jua likiwa juu, kwa sababu kila jirani wa Mama Yusuf alikuwa na kitu cha kumpelekea Asha. Walileta madira, chupa ya chai mpya kwenye karatasi yake, mabunda ya vitambaa, manukato, na bati kubwa la nyirinyiri, ile nyama inayokatwa vipande vidogo ikakaangwa mpaka ikauka, ikahifadhiwa kwenye mafuta yake. "Huyu mtu anahamia ng'ambo," nikawaambia, "atavibeba vipi?" Mama mmoja mzee akanijibu, "Hilo ni shauri lake. Letu ni kutuma."

Tulikuwa tumelaza kiti cha nyuma upande wa kushoto, tukatandika godoro kutoka buti hadi nyuma ya kiti cha abiria. Hapo Mama Yusuf akajinyoosha, magongo kando yake, mizigo ikijaa kila mahali penginepo. Gari lilikaa chini nyuma kama kuku anayeatamia.

Thika Road ilikuwa wazi. Nikaongeza mwendo, nikasikiliza mikono yangu. Usukani ulikuwa kimya. Nikamshukuru Oti moyoni. Tulipopita Juja nikasikia sauti kutoka nyuma: "Mama Shiro, inatetemeka."

Nikajua ni mguu. Nilikuwa nimeonywa kwamba misuli ya nyonga iliyopasuliwa huweza kushtuka. Nikaegesha gari, nikafungua mlango, nikamsaidia kushuka. Akalizunguka gari mara moja kwa magongo, akarudi kulala. Baada ya Thika akasema tena, "Bado inatetemeka." Nikaegesha. Akatembea. Pale Kenol ikawa hivyo hivyo, na safari hii nikamsugua mguu kwa mafuta ya kuchua huku wauza ndizi wakitutazama. Yeye aliniacha nimsugue.

Sagana tulisimama kula. Tulikaa kwenye benchi ndefu tukaletewa samaki wa kukaanga na ugali, naye akala amejiegemeza kwa upande mmoja. Nikamwambia, "Mama Yusuf, kama mguu unatetemeka hivi na hatujafika hata Karatina, nafikiri turudi nyumbani."

Akaacha kutafuna. "Mguu gani?"

"Si umeniambia unatetemeka?"

"Nimesema *inatetemeka*. Gari! Gari yako inatetemeka, Mama Shiro. Mguu wangu hauna neno."

"Na mbona umekubali kushuka mara tatu?"

"Nilidhani wewe ndiye umechoka, unaona haya kusema. Hata nikashangaa, mwanamke huyu anachoka mapema namna hii, Moyale tutafika lini?"

Tulicheka mpaka mwenye hoteli akaja kuuliza kama samaki ana kasoro. Lakini nilipomaliza kucheka niligeuka kulitazama gari. Usukani ulikuwa kimya, na bado gari lilikuwa likitetemeka mahali ambapo mimi sikupasikia.

Sagana hadi Nanyuki

Kabla hatujanyanyuka Asha akapiga simu. Gari la kumrudisha Addis lilikuwa limewahishwa, sasa lingeondoka Ijumaa saa sita mchana. Mama Yusuf alisema naye Kiborana kwa sauti ya kawaida, akakata simu, akanieleza, kisha akaanza kunawa mikono polepole sana. Hakunibembeleza. Angenibembeleza ingekuwa rahisi kumwambia turudi.

Nikampigia Oti. Kwa nyuma nilisikia nyundo za Kariobangi.

"Iko kwa usukani?" akauliza.

"Hapana. Iko nyuma. Mimi siisikii vizuri, anaisikia Mama Yusuf kwa nyonga. Anasema inatoka chini yake, kushoto."

"Kwa nyonga?" Akacheka. "Basi huyo anashinda mashine. Sasa skiza, mathe. Hapo Nairobi gari ilikuwa tupu, na ya mbele ilikuwa inapiga kelele kushinda ya nyuma. Kumbe zilikuwa mbili. Tafuta mtu wa tairi, hilo la nyuma kushoto walete mbele kushoto, la mbele liende nyuma. Kama mtetemo utahamia kwa usukani, umemshika. Lakini ukimshika usikimbie naye. Enda mos mos."

Karatina tulipata kibanda cha tairi kando ya barabara. Mwenyewe alikuwa mzee mchangamfu aliyevaa ovaroli ya buluu, ambaye kwanza alitaka tunywe chai kwa kuwa tuna mgonjwa. Tukanywa. Nikamweleza ninachotaka. Akapiga jeki, akatoa magurudumu mawili, akayatazama, akayapapasa kingo, kisha akasimama akikuna kichwa.

"Mama, hili ni zima na hili ni zima."

"Najua. Badilisha tu mahali."

Akabadilisha. Akakaza nati, akajipangusa mikono, bado anafikiri. "Sasa nikiulizwa nimetengeneza nini, niseme nini?"

"Hujatengeneza. Umehamisha."

Aliangalia gari letu mpaka likapotea. Nadhani mpaka leo anawasimulia watu kuhusu wanawake wawili kutoka Nairobi, mmoja amelala, waliokuja kuhamisha gurudumu zima.

Baada ya Naro Moru barabara ilinyooka. Nikaongeza mwendo kidogo kidogo. Sabini. Themanini. Nikapita kidogo, na usukani ukaanza kucheza mikononi mwangu kama zamani.

"Imekuja!" nikapiga kelele. "Iko kwangu!"

"Na huku kumenyamaza!" Mama Yusuf akajibu kutoka godoroni. "Mama Shiro, kumenyamaza kabisa!"

Angekuwepo mtu anayetusikia angedhani tumepata mtoto. Sijawahi kufurahia ubovu wa kitu namna hiyo. Tangu Sagana nilikuwa na gari bovu lote, kila nati nikiishuku. Sasa nilikuwa na gari zima lenye gurudumu moja bovu, na nililijua ni lipi.

Nanyuki tulikuta mawingu yamefunika mlima na baridi imeanza. Jioni ilikuwa inakaribia na maduka yanafungwa. Nilitazama lile tairi kwa makini: mifereji yake ilikuwa na kina, halikuwa na msumari wala mpasuko. Spea yangu ilikuwa imelainika kama kipara. Binamu wa Mama Yusuf alikuwa anatungoja Isiolo, mji ambao una maduka ya tairi za mitumba kila upande. Nikapima mawili hayo, nikaona afadhali twende polepole hadi Isiolo na lile lenye kina.

Mteremko wa Timau

Kutoka Timau barabara inashuka, na kwa mbali unaiona nchi ya chini imetandazwa, kahawia na tambarare, mpaka macho yanachoka. Mama Yusuf aliomba nimwinulie mto ili aione. Nilikuwa naenda mwendo wa mkokoteni, malori yakinipigia honi.

Ndipo usukani ukanipiga. Haukuwa mtetemo tena. Ulikuwa unaruka, dum, dum, dum, na kisomamwendo kilikuwa hakijafika hata hamsini. Mbele palikuwa na kona, kushoto bonde. Mama Yusuf akaanza kusoma dua kwa sauti ya chini. Nikaachia mafuta, nikashika usukani kwa mikono yote miwili, nikakanyaga breki kidogo kidogo, nikiogopa kwamba nikikanyaga sana kitu kitapasuka. Baada ya kona palikuwa na uwanja mdogo wa changarawe na mwanamke anayeuza viazi na karoti kwenye ndoo. Nikaliingiza gari pale, likasimama karibu kabisa na ndoo zake.

Nikazima injini.

Nikashuka, nikachuchumaa mbele ya gurudumu. Kwa macho bado sikuona kitu. Basi nikafanya kile ninachofanya na pazia likikataa kuanguka vizuri: nikafumba macho nikapitisha kiganja. Nikaanza juu, nikateremka taratibu, tairi likiwa la moto kama chungu. Na pale nyuma, mahali ambapo jicho halifiki bila kulala chini, kiganja kilipanda juu ya uvimbe. Ulikuwa mpana kama nusu ya mkate, laini kidogo. Ndani ya tairi matabaka yalikuwa yameachana, kama bitana iliyoachana na kitambaa chake, na kila lilipopata moto uvimbe ulikua. Ningekuwa nimefika nao kwenye jangwa la mbele, nikikimbia na jua la saa saba, sijui kama mngekuwa mnasoma haya.

Nilimwambia Mama Yusuf. Akasema, "Alhamdulillahi. Sasa toa."

Kutoa ndiko kulikotushinda. Mzee wa Karatina alikuwa amekaza nati kwa bidii zake zote. Nilivuta spana, nikaning'inia, hakuna kilichosogea. Mama wa viazi, ambaye baadaye alituambia anaitwa Kendi, alikuwa amesimama akitutazama na mikono kiunoni. Ni mwanamke mnene, mrefu, mwenye kicheko kinachosikika ng'ambo ya barabara.

"Wewe ni mwembamba sana," aliniambia. "Toka hapo."

Akavua viatu vyake vya mpira, akapanda juu ya mkono wa spana kwa miguu miwili, akishikilia paa la gari, akaruka mara moja. Nati ikalia kwii, ikaachia. Akacheka. Akahamia nyingine. "Nyumbani mume wangu anasema napenda kula," alisema akiwa juu ya nati ya tatu. "Leo nitampelekea jibu."

Tuliweka ile spea ya kipara. Nilimwomba Kendi apokee kitu, akakataa, ila akasema kama tunataka kumfurahisha tununue viazi. Tulinunua vingi kuliko gari lilivyoweza kubeba. Mama Yusuf alimfungulia lile bati la Asha, akamchotea nyirinyiri kwenye jani la kabeji. Kendi alionja, akafumba macho, akasema hii nyama ingeweza kumfanya mtu abadilishe kabila.

Isiolo

Tuliingia Isiolo taa zikiwaka, na joto likatukumbatia kama tumeingia jikoni. Binamu yake Mama Yusuf, mzee Guyo, alitupokea na chai ya maziwa ya ngamia, nzito na yenye moshi kidogo, na anjera, zile chapati laini za maji, zenye sukari na siagi. Nilikunywa nikaomba tena. Mzee Guyo aliposikia tumepita Timau na tairi lile alinitazama, akanimiminia kikombe cha tatu bila kuniuliza.

Spea ya kipara ingetufikisha mtaani, si Moyale. Asubuhi mapema nilikwenda naye kwenye duka la tairi za mitumba. Zilikuwa zimepangwa kama chapati, zote zinang'aa kwa rangi nyeusi iliyopakwa. Muuzaji alianza kunisifia kila moja. Mimi nilikuwa nimeacha kuamini macho. Nikachuchumaa, nikafumba macho, nikaanza kupapasa, nje na ndani, moja baada ya nyingine. Watu wakakusanyika. Nikasikia mmoja akimnong'oneza mzee Guyo, "Huyu mama haoni?"

"Anaona," mzee Guyo akamjibu kwa utulivu. "Ndiye dereva."

Umati ukarudi nyuma hatua mbili.

Nyingi nilizikataa, moja kwa kidonda, nyingine kwa kinundu kigumu kilichojificha ndani. Mwishowe nilipata lililokuwa laini pande zote, mpira wake bado unanyumbuka. Wakalivalisha, wakalipiga balansi, nikawasimamia walizungushe mbele yangu. Lilizunguka bila kuruka. Spea ya kipara ikarudi kwenye buti kama bima ya maskini, na lile bovu nikawaambia walikate vipande, mtu asije akaliokota akalifunga garini mwake.

Wakati tunamaliza haya yote jua lilikuwa limepanda. Ilikuwa Alhamisi, na njia yote ilikuwa bado mbele yetu.

Isiolo hadi Turbi

Baada ya daraja la Archer's Post barabara ni nyeusi, laini, imenyooka, na hakuna mtu. Nikamwambia Mama Yusuf, "Sasa sikiliza vizuri." Sabini. Themanini. Mikono yangu ilikuwa inangoja. Tisini. Nikafika mia, nikakaa hapo, nikauliza, "Huko nyuma kuna nini?"

Hakunijibu. Nikaogopa, nikatazama kioo. Alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, mkono chini ya shavu. Tangu Eastleigh hakuwa amefumba jicho akiwa ndani ya gari.

Nililia kidogo, siwafichi. Kisha nikafungua dirisha nikaendesha.

Kabla ya Laisamis tulisimamishwa kwenye kizuizi. Askari kijana alimwangalia Mama Yusuf aliyekuwa akijiinua na ushungi umekwenda upande.

"Mama, unatoka wapi?"

"Eastleigh."

"Kabla ya Eastleigh?"

"Kabla ya Eastleigh nilikuwa tumboni mwa mama yangu. Naye alikuwa Eastleigh."

Kijana alijitahidi asicheke, akashindwa. Akauliza bati lina nini. Mama Yusuf akalifungua. Tulipoondoka pale bati la Asha lilikuwa limeshuka tena, na askari alitupungia mkono huku anatafuna.

Marsabit tulikuta ukungu na upepo wa baridi, watu wamejifunga mablanketi, saa nane mchana. Tulikula pilau haraka, tukateremka upande wa pili, na mara tukawa kwenye nchi ya mawe meusi yaliyotapakaa pande zote kama mtu ameyamwaga. Ngamia walikuwa wamesimama katikati ya barabara wakitutazama kama sisi ndio tumekosea njia. Kila mara Mama Yusuf alijaribu simu ya Asha. Ilikuwa imezimwa. Kutoka Turbi aliacha kujaribu, akawa anaishika tu kifuani.

Moyale

Tuliingia Moyale jua likielekea vilimani. Kwenye lango la mji watu walikuwa wengi kando ya barabara, na mwanamke mmoja aliyevaa shela la manjano aliinua mkono. Nilidhani anataka lifti. Gari lilikuwa limejaa, nikampita.

Kwenye nyumba ya wageni tuliyoelekezwa, mhudumu alisema mama anayeitwa Asha alitoka tangu mchana, hakusema anakwenda wapi. Simu yake ilikuwa mezani hapo, inachajiwa, na stima ilikuwa imepotea. Mama Yusuf aliegemea ukuta. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Nikatafuta kiti, mhudumu akasema, "Aliuliza tu ambulensi za kutoka Nairobi hupita wapi. Alisema dada yake analetwa amelazwa."

Nikaona lile shela la manjano.

"Rudi garini," nikamwambia Mama Yusuf. "Nimempita. Nimempita mwenyewe!"

Tulimkuta palepale, amejikinga jua kwa kiganja, bado anatazama upande wa Nairobi, anangoja gari lenye taa nyekundu juu. Niliposimama hakutugeukia. Mama Yusuf alikataa nimsaidie. Alifungua mlango, akashusha gongo moja, akashusha la pili, akasimama.

Asha aligeuka kwa ile sauti ya gongo. Alimtazama, akatazama miguu yake, akatazama uso wake tena.

"Halima," alisema.

Jina hilo naliona kwenye simu kila nikimlipia vitambaa, lakini katika miaka yote hiyo sikuwa nimemsikia mtu akimwita kwa jina. Kwetu sote ni Mama Yusuf, Mama Yusuf. Asha aliliita tena, na tena, kila mara akisogea, na Mama Yusuf akaachia magongo yote mawili, yakaanguka changaraweni, maana alikuwa na mtu wa kumshika. Nilikwenda kuyaokota. Nilikaa nayo muda mrefu kabla ya mtu kuyahitaji.

Usiku ule sikuwaona. Mimi nilikula, nikaoga, nikalala kama gunia.

Ijumaa asubuhi Asha aliniletea chai chumbani kwa mikono yake. Hajui Kiswahili kingi. Aligusa kifua chake, akagusa wangu, kisha akaonyesha gari dirishani na kufanya mkono wake ukimbie. Mama Yusuf alikuwa nyuma yake, macho yamevimba, anacheka. "Anataka umtembeze," alisema. "Anasema aone gari iliyonileta."

Walipanda wote wawili nyuma, mmoja amejinyoosha kwenye godoro, mwingine amekaa kwenye kile kiti kilichobaki, wameshikana mikono juu ya viazi vya Kendi. Nilitoka nao nje ya mji, kwenye ile barabara nyeusi. Gari lilitulia kama maji ndani ya karai. Walikuwa wanaongea Kiborana, maneno yakipandana, wakicheka, wakinyamaza, wakianza tena, na mimi sikuelewa hata neno moja. Sikutaka mwendo tena. Nilishuka hamsini, nikashuka arobaini, bodaboda zikatupita.

Tulifika mahali pa kugeuzia, nikageuza, tukarudi hadi lango la mji. Nikapunguza nisikilize kama wanataka kushuka. Kule nyuma maongezi hayakukatika. Saa sita ilikuwa bado. Nikageuza tena.